Karibu Mtoto Yesu, kwa Masharti

Ufaransa ilitenganisha dini na dola mwaka 1905, na hadi leo haitaki mchezo. Mwaka 2016 mahakama yake ya juu ya masuala ya utawala iliamua kuwa pango la Noeli laweza kuwekwa mahali pa umma, mradi liwe la muda, la utamaduni au la sherehe, lisionyeshe kuitambua dini. Yaani punda karibu, ng'ombe karibu, Mtoto Yesu naye karibu, ila asijifanye Mungu! Lakini kati ya sikukuu 11 za kitaifa, 6 ni za Kikristo. Agosti 15, Bikira Maria anapopalizwa mbinguni, ofisi za manispaa hufungwa, na wapinga pango wako ufukweni, mshahara ukiendelea kuhesabika.