Hongera kwa Kibao: Barua ya Wazi kutoka Kiti cha Nyuma

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi,
Kampala.

Nakala: Kikosi cha Usalama Barabarani; wenyeviti wa steji zote, kutoka Mubuku hadi Mpondwe.

YAH: PONGEZI, NA MAOMBI MADOGO YANAYOHUSU KICHWA

Mheshimiwa,

 Huku Mubuku, wilayani Kasese, hatujambo, ukiwaacha wenye jambo, ambao baadhi yao wamelazwa katika hospitali za Kagando na Bwera, miguu imefungwa plasta.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa mimi ni raia mtii. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likakipitisha tena Julai 2022. Jambo likishapitishwa mara mbili, mimi huanza kulitumia hata kama wenyewe waliolipitisha hawajaanza.

Nijitambulishe. Mimi ni abiria. Sina pikipiki wala leseni. Katika takwimu zenu nitaingia mara moja tu, na siku hiyo sitapata nafasi ya kuzisoma. Anwani yangu ni kiti cha nyuma cha pikipiki aina ya Boxer, kati ya mgongo wa dereva na mkungu wa matoke, kwenye barabara ile ya Fort Portal na Kasese ambako malori ya saruji ya Hima hutupita tukashika kofia. Samahani, hutupita tukashika nywele. Kofia hatuna.

Nianze na pongezi. Mwaka 2021 serikali ilifunga mkataba na kampuni ya Kirusi ili kila chombo cha moto nchini kifungwe kibao cha kidijitali, na pikipiki haikusahauliwa. Tuliambiwa kwamba chombo kitajulikana kilipo, mchana na usiku. Ni hatua kubwa. Boxer ikitumbukia bondeni kule Bugoye, au ikiteleza ukingoni mwa mto Lhubiriha, Kampala itajua kibao kimeangukia wapi. Mwenye kichwa atatafutwa na ndugu zake, kwa tochi.

Juni 2025 zikaja kamera zinazoandika faini zenyewe. Wenye magari walipiga kelele, na baada ya siku chache mpango ukasimamishwa kwa muda. Sisi wa kiti cha nyuma hatukulalamika hata kidogo. Kamera tunazozijua huku ni za simu, nazo hutolewa mfukoni mtu akishaanguka.

Naipongeza pia kanuni ya kofia ngumu. Ilitoka mwaka 2004, kwa hiyo imeshafikisha umri wa kupiga kura, na inawataka dereva na abiria wake, wote wawili, wavae. Katika miaka hiyo yote helmeti imefanya kazi nyingi za kujenga taifa. Imebeba nyanya, imefunika kiti mvua isikiloweshe, imeshikilia simu sikioni dereva anapojadili bei na mteja mwingine. Kazi yake rasmi huwa ni ya mita mia mbili tu: mia kabla ya kizuizi cha askari na mia baada yake. Kisha hurudi kwenye kiwiko. Hiyo ni ya dereva. Ya abiria imeandikwa kwenye kanuni, na huko kwenye kanuni ndiko inakokaa.

Msidhani nawatetea madereva. Wako vijana waliojifunza kuendesha asubuhi na kupakia abiria jioni. Wako wanaobeba mshikaki wa watu watatu na mbuzi, na mbuzi ndiye pekee anayeonekana kuwa na wasiwasi. Wako wanaonusa waragi kabla ya petroli. Lakini kijana huyo pikipiki si yake. Jioni anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri, mvua inyeshe isinyeshe, na hesabu haipungui kwa sababu dereva alipunguza mwendo mbele ya shule. Nasi abiria tuna letu. Sisi ndio tunaompigia kelele akanyage, soko la Mpondwe linakwisha. Na ni sisi haohao tunaosema msibani kwamba marehemu alipenda mwendo.

Sasa nikumbushe siku serikali ilipokijali kichwa changu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akagundulika kuwa nayo. Kipindi kile, kila aliyepita mpakani alielekezewa kipimajoto kwenye paji la uso na kunawa mikono kwa maji ya klorini. Hakuna aliyesema vifaa ni ghali, watu ni wengi au wananchi ni wabishi. Kazi ilifanyika, ikafanyika vizuri, na ugonjwa haukusambaa nchini. Paji la uso la mchuuzi wa Bwera lilikuwa mali ya taifa. Likishaonekana halina homa, mwenyewe alipanda boda, kichwa wazi, akaondoka kwa kilomita 80 kwa saa. Tangu hapo sikubali kuambiwa kwamba serikali haiwezi kukifikia kichwa cha abiria. Ilishakifikia, ikakipima, ikakiachia.

Kuhusu barabara, tunawashukuru kwa niaba ya jirani. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapa Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni, na Uganda ikachangia gharama. Hatuna kinyongo. Mzigo wetu unakwenda huko, na wateja wetu wanatoka huko. Lami njema ina tabia moja tu mbaya: kila anayeikanyaga huamini kwamba amechelewa. Isitoshe, Uganda tunaendesha kushoto na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo anayevuka Lhubiriha, mto wa mpakani, lazima abadili upande. Wataalamu wangeandika mwongozo wa kurasa arobaini. Madereva wetu wa boda wamelimaliza jambo hilo bila semina: wanapita katikati.

Ukitoka Kasese kwenda Kikorongo unapita katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Huko tembo ana alama yake ya barabarani, na dereva anayemgonga mnyama hulipishwa. Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa nyuma ya Boxer. Mimi nami nina bei. Sheria ya bima ya lazima ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha fidia: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Tangu hapo soda imepanda, petroli imepanda, posho za semina za usalama barabarani zimepanda. Mtu amebaki palepale. Milioni hiyo leo haifiki hata robo ya bei ya Boxer mpya. Tukianguka wote, kwa hesabu ya soko, cha kuokotwa kwanza ni pikipiki.

Pale ambapo fidia haifiki, steji imefika. Mheshimiwa, ukitaka kuona wizara ndogo inayofanya kazi, njoo kwenye steji yoyote ya boda kati ya Mubuku na Bwera. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina mwenye daftari. Mwenzao akivunjika mguu wanachanga, akifariki wanamsindikiza kwa msafara hadi kaburini, honi zikilia. Ndio wanaomshusha mama mwenye uchungu kutoka vijiji vya milimani usiku, njia ambayo gari la wagonjwa haliwezi kuipanda. Aliyeumia kichwa akihitaji hospitali ya rufaa, kutoka Bwera hadi Fort Portal ni zaidi ya kilomita 100, na nauli mara nyingi hutoka kwenye lile daftari. Wanasiasa wanazijua steji hizi vizuri. Kila uchaguzi huja na mafuta ya kujaza tangi na fulana zenye picha ya mgombea. Hakuna bado aliyefikiria kuichapa sura yake kwenye helmeti, ingawa ingeonekana vizuri zaidi na kudumu zaidi ya ahadi.

Nami nisiwe mtu wa hadithi tupu. Ripoti za polisi zinaonyesha kwamba ajali za barabarani ziliua watu 4,534 mwaka 2022, 4,806 mwaka 2023 na 5,144 mwaka 2024, na wengi wao walikuwa juu ya pikipiki au kwa miguu. Ni miradi michache ya taifa inayokua kwa uhakika namna hii, mwaka baada ya mwaka, bila mkopo wa benki ya nje.

Na dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Tafiti zilizokusanywa duniani zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Vietnam ni nchi ya pikipiki kuliko sisi. Tarehe 15 Desemba 2007 ilianza kuwabana wote, dereva na abiria, katika barabara zote.  Ndani ya miezi mitatu hospitali zilizofuatiliwa ziliona hatari ya kufa kwa majeruhi wa barabarani ikipungua kwa asilimia 18. Kama Vietnam ni mbali, Kigali ni karibu: pale dereva hutembea na kofia mbili, ya pili akamkabidhi abiria, na abiria huvaa bila mjadala. Nywele zao ni kama zetu na jasho lao ni kama letu. Kwa hiyo kile kisingizio chetu kwamba kofia ya watu wengi inanuka na inaharibu msuko, nakiweka mezani mimi mwenyewe kabla hamjakitumia. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani hutosha.

Zamani barua hii ingekwenda kwa Mamlaka ya Barabara, UNRA, nayo ingenielekeza wizarani, na wizara ingenirudisha UNRA. Bahati nzuri mamlaka hiyo imevunjwa na kazi zake zimerudi kwenu. Sasa barabara ni yenu, leseni ni yenu, kanuni ni yenu, na anwani ni moja. Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, pikipiki isiruhusiwe kubeba abiria mpaka iwe na helmeti mbili zenye ubora, na ikaguliwe ile ya pili kwanza, kwa sababu ya dereva tayari inajua njia ya kiwiko.

Pili, helmeti ya kweli iwe nafuu kuliko faini ya kutokuwa nayo. Fedha zinazotozwa kwa kosa la kichwa zirudi kwenye kichwa, zipitie kwenye daftari la steji.

Tatu, mafunzo na mtihani wa leseni ya pikipiki viletwe Mubuku, Kinyamaseke na Bwera, siku isiyo ya soko. Kijana anayepoteza kazi ya siku nzima na nauli ya kwenda mbali atachagua kuendesha bila leseni, na hesabu ya tajiri itamuunga mkono.

Nne, senta zetu za biashara zipewe bega la barabara linalofaa kusimama boda, ili abiria asishukie kwenye njia ya lori la saruji.

Tano, kikomo cha mwaka 1989 kirudishwe bungeni kikue, kama vilivyokua vyote vingine tangu mwaka huo.

Kwa wenyeviti wa steji nina neno moja: msisubiri jibu la barua hii. Mnao utaratibu wa kumtoza faini mwanachama anayevunja foleni ya abiria. Ongezeni kosa la pili, la kuondoka stejini na abiria asiye na kofia.

Na kwa abiria wenzangu: dereva akikosa kofia ya pili, tusipande. Siku Mubuku nzima itakapokataa kupanda bila kofia, helmeti itapatikana kabla ya saa sita mchana, bila waziri, bila kamera na bila Mrusi.

Wako mtiifu,

Abiria wa Kiti cha Nyuma,
Mubuku, Kasese.