Singo au Dabo?

Gari langu ni kipanya kilichotumika Japani kabla ya kuja kuchakaa vizuri Dar es Salaam, na hadi Jumamosi ile hatukuwahi kukosana. Kazi yake ni kubeba viti, maturubai na masufuria ya mama watoto, ambaye hupikia watu shughuli. Siku hiyo yeye alitangulia ukumbini Kigamboni asubuhi, akaniachia masufuria manne ya pilau na ndoo mbili za kachumbari. Ningeweza kuzungukia darajani, lakini nilijiambia kwenye kivuko kuna upepo, na upepo haulipiwi.

Nikiwa kwenye foleni pale Feri, injini inanguruma taratibu, nikamwona shemeji yangu anakuja mbio na begi begani.

"Shem, Mungu kakuleta! Nasafiri wiki mbili. Gari langu uwe unaliwasha mara mojamoja, betri isilale."

Akanipitishia ufunguo wake dirishani. Mimi kwa kupoteza vitu sina mpinzani, kwa hiyo nikausokomeza palepale kwenye pete ya funguo zangu iliyokuwa ikining'inia kwenye swichi, pamoja na ufunguo wa stoo, wa geti, na wa kufuli moja ambalo nimeshalisahau. Nikajisifu kimoyomoyo kwa kuwa mtu wa mpangilio.

Tukaingia kivukoni, nikazima injini kama wenzangu. Kuvuka ni dakika chache tu. Mlango wa kivuko ulipolala nchi kavu, nikazungusha ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu zote, kwichi kwichi kwichi, lakini injini haikushika. Nikarudia. Kwichi kwichi kwichi. Kwenye dashibodi taa nyekundu ndogo ilikuwa inakonyeza. Taa hiyo hukonyeza usiku kucha gari likiwa limeegeshwa, na siku zote niliichukulia kuwa pambo.

Nyuma yangu, kila mwenye honi akakumbuka kwamba anayo.

"Betri hiyo!" alipaza sauti bwana mmoja mwenye tenga la samaki.

Betri iliyolala haiwezi kuzungusha stata vile, lakini nani abishane na mwenye tenga mbele ya umma? Nikaweka nyutro. Wanaume wanane wakasukuma, na kadiri kipanya kilivyopanda mteremko ndivyo harufu ya pilau ilivyowafikia. Tulipofika juu, watatu walishaulizia harusi ni ya nani na inaanza saa ngapi.

Pale kando ya barabara likaketi jopo. Nimegundua kwamba watu hulipima gari kwa ugonjwa uliowahi kuwapata wenyewe. Dereva wa bodaboda, ambaye mwezi uliopita alitiliwa mafuta machafu, alisema ni mafuta machafu. Muuza miwa alisema ni plagi. Kijana mmoja akaamuru tusukume tena mpaka liwake, nikamwambia gari ni otomatiki, akasema basi kosa lilianzia nilipolinunua.

Sasa, injini ya kipanya iko chini ya kiti, na juu ya kiti nilikuwa nimeweka kachumbari. Kwa hiyo kila mtaalamu mpya alipotaka kutazama, ndoo zilishushwa. Akishindwa, zilipandishwa. Kachumbari ile ilipanda na kushuka kuliko abiria wa daladala.

Simu ikaita. Mama watoto.

"Uko wapi?"

"Nimeshavuka," nikasema. Na ni kweli, nilikuwa nimevuka.

Ndipo akaja fundi umeme na mashine ya kupimia. Akapokea elfu ishirini kwanza, kisha akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kioo kimyakimya kama daktari mwenye habari mbaya.

"Imobilaiza," akasema. "Kontrol boksi imekufa. Iliyotumika utaipata kwa laki nne, na kuifunga ni kesho kutwa."

Pilau haijui kesho kutwa. Nikaegemea mlango nikiwa nimelowa jasho, na hapo nikasikia sauti kutoka chini ya mwavuli. Alikuwa mzee mchonga funguo, na mashine yake juu ya meza. Muda wote huo hakuwa amenyanyuka.

"Mwanangu, hiyo taa nyekundu, ukitia ufunguo na kuwasha swichi, inazimika au inaendelea?"

"Shikamoo mzee. Inaendelea."

"Marahaba. Basi gari lako zima. Halikutambui tu."

Akaniita niketi kwenye ndoo. Akanieleza kwamba ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kuizunguka swichi kuna koili. Ukizungusha ufunguo, koili huiamsha chipu kwa usumaku, na chipu hutaja namba yake. Kontrol boksi ikiitambua namba, mafuta na moto wa plagi vinaruhusiwa. Isipoitambua, stata itazunguka mpaka betri ichoke na injini haitawaka, na ukisukuma unajichosha bure. Hiyo ndiyo imobilaiza, na Wazungu waliibuni kuwakomoa wezi. Uingereza waliifanya iwe lazima kwa magari mapya tangu 1998.

"Wengine huja kwangu chipu imedondoka walipobadilisha kasha la ufunguo," akasema. "Wengine wamechongesha ufunguo wa bei rahisi usio na chipu: mlango unafungua, stata inazunguka, gari haliwaki. Wengine ni waya wa koili umekatika. Ufunguo wa akiba unao?"

"Upo nyumbani, ng'ambo."

"Haya, lete huo."

Nikampa rundo zima. Akaligeuza mara moja tu.

"Hapa mna magari mawili."

"Huo wa pili ni wa shemeji."

"Ulikuwepo leo asubuhi?"

Nikanyamaza. Injini ikishawaka haiulizi tena, kwa hiyo pale foleni kipanya hakikuwa na neno. Neno lilikuja nilipozima na kutaka kuwasha upya.

"Umeshaenda harusini na kadi ya singo mkiwa wawili?" mzee akauliza. "Mlinzi anawauliza jina, mnajibu kwa pamoja. Hasikii hata moja. Anafunga geti."

Akautoa ufunguo wa shemeji, akanirudishia wa kwangu ukiwa peke yake. Nikapanda, nikazungusha. Ile taa nyekundu ikazimika, na kipanya kikawaka kana kwamba hakijafanya lolote. Jopo likashangilia. Muuza miwa akawaambia wenzake kuwa yeye alijua tangu mwanzo.

"Si nilisema imobilaiza?" fundi wa mashine akasema, mkono juu ya mfuko wenye elfu ishirini yangu.

Mzee alikataa fedha. Nilimwachia sahani ya pilau, na jopo likaniangalia kwa namna ambayo ilibidi nipakue nyingine sita. Nikaondoka mbio, huku nikikitazama kidroo nilimoweka kadi ya gari yenye jina langu, risiti na bima. Karatasi zote hizo zinaniita mmiliki, na kipanya hakijui kusoma hata moja. Mwizi mwenye ufunguo mmoja angevuka kabla yangu.

Ukumbini nilisimamishwa getini.

"Kadi?" mlinzi akauliza.

"Nimeleta chakula."

"Leo kila mtu kaleta kitu. Kadi. Singo au dabo?"

Nilianza kucheka, naye akazidi kunishuku. Sijui ningesimama pale mpaka saa ngapi, kama mama watoto asingetokeza na aproni yake, akanitazama kuanzia shati lililolowa hadi viatu vyenye mchanga wa Feri.

"Huyo ni wangu," akamwambia mlinzi. "Mfungulie."

Geti likafunguka. Nikaingia kwa raha ya mtu aliyetambulika, nikafungua mlango wa nyuma, naye akaanza kuhesabu.

"Masufuria manne. Ndoo moja." Akanigeukia. "Ndoo ya pili iko wapi?"

Ndipo nikakumbuka nilikuwa nimekalia nini chini ya ule mwavuli.