Skrini Nyeusi Garsen: Namna ya Kushindwa kwa Heshima

Hongera, umekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Kiko Garsen, nyuma ya ofisi ya mhasibu, na kiyoyozi chake huwashwa siku wakubwa wakija kutoka Hola. Ndani yake mna kabati la chuma lenye seva nne, swichi ya KVM na skrini moja ya kuvuta kama droo. Leo asubuhi umeivuta, ukaifunua, na haioneshi kitu. Giza tupu. Mlangoni wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni bosi.

Usiwe na hofu. Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano isiyo na sifa yoyote. Kushindwa vizuri ni kazi ya wiki nzima, na marupurupu juu. Nifuate.

1. Msingizie asiyehusika. KVM ni kibodi, video na mausi: kisanduku kinachoziwezesha seva nyingi kutumia skrini moja, kibodi moja na mausi moja. Kikiharibika, seva zenyewe hazina habari. Wahasibu bado wanaingiza malipo, barua pepe zinatoka, taa za kijani zinakonyeza. Hilo libaki kati yetu. Wewe shika kiuno, vuta pumzi, useme, "Seva imeanguka, mkubwa." Akiuliza imeanguka kutoka wapi, ujue umempata. Seva ni neno zito, lina bajeti. KVM hakuna aliyewahi kuisikia, na ni vigumu kuomba pesa za kitu ambacho mwenye kuidhinisha hawezi kukitaja.

2. Usizunguke nyuma ya kabati. Huko kuna joto, vumbi na mijusi, na mbaya zaidi, ndiko tatizo liliko. Kebo ya VGA, ile ya kichwa cha buluu chenye pini 15 katika safu tatu, tumekuwa nayo tangu IBM waitoe mwaka 1987, na tangu siku hiyo ina skrubu mbili za pembeni ambazo mafundi wanaona ni mapambo. Zisipokazwa, kebo hulegea kila droo inapovutwa. Ukizunguka utaiona inaning'inia, utaisukuma kwa kidole, picha itarudi, na hapo utakuwa umejiharibia wiki.

Ikitokea picha ipo lakini ni mbovu, jua la kusema. Pini ya nyekundu ikikatika au ikipinda, skrini nzima inageuka samawati ya kijani: hivyo ni virusi. Kebo ikiwa ndefu mno au ya bei ya chini mno, kila herufi inavuta kivuli pembeni: hayo ni macho ya bosi, mwelekeze kwa daktari Malindi.

3. Bonyeza kwa mbwembwe. Kwenye swichi nyingi unagonga Scroll Lock mara mbili kisha nambari ya tundu, na picha inahamia seva unayoitaka. Nyingine zinataka Ctrl mara mbili. Mara nyingi giza lote hilo ni kwamba mtu aliacha swichi kwenye tundu la sita, na seva zako ni nne. Wewe piga vitufe vyote, haraka, kwa vidole kumi, huku ukinong'ona "ehe… ehe…" Picha ikijitokeza kwa bahati mbaya, hama tundu kabla bosi hajainua macho.

4. Zima seva. Hapa ndipo mafundi wa kawaida wanapotengana na sisi, kwa hiyo twende polepole.

Seva inapowaka huiuliza skrini: wewe unaweza kuonesha picha ya ukubwa gani? Skrini hujibu kwa orodha fupi iitwayo EDID, inayopita kwenye waya zile zile za VGA, pini ya 12 na ya 15. Seva ikishapata jibu, inatuma picha inayofaa, tuseme 1280 kwa 1024. Sasa swichi ya bei nafuu ina tabia moja: ikiwa wakati huo imeelekezwa kwenye tundu lingine, swali la seva halimfikii mtu. Seva inangoja kidogo, inaamua kuwa haina skrini, na inaendelea na kazi zake bila kutoa picha, au inatoa ya ukubwa ambao skrini yako haiukubali. Saa mbili baadaye unakuja kuchagua tundu lake na kukuta giza. Hakuna kilichoungua. Waliulizana na kujibiana kwa saa tofauti, basi.

Fundi asiye na malengo maishani atachagua kwanza tundu la seva ile, ndipo aiwashe upya baada ya saa za kazi. Au atanunua swichi inayohifadhi EDID na kuijibia skrini. Au atachomeka kijiplagi bandia kinachoidanganya seva kuwa skrini ipo. Wewe huna haraka hiyo. Acha swichi kwenye tundu lingine, subiri mwisho wa mwezi saa nne asubuhi, mishahara ikiwa katikati ya kuandaliwa, kisha chomoa plagi ya seva na uirudishe. Usiizime kwa utaratibu. Utaratibu hauleti watu mlangoni. Itawaka upya gizani kama mwanzo, ila safari hii diski zitakuwa zimekatizwa kazi, na wahasibu wataanza kupiga kelele. Tazama faida yake: siku ya kwanza ulisema seva imeanguka na ulikuwa unadanganya. Sasa wewe ni mkweli.

Onyo: nyuma ya seva kuna tundu la mtandao lililoandikwa iLO kama ni HP, au iDRAC kama ni Dell. Likiwa limeunganishwa, unaweza kuiona skrini ya seva kutoka kwenye kompyuta yako ya mkononi, umekaa mkahawani, bila KVM wala droo. Weka boksi tupu la karatasi mbele yake.

5. Chagua lawama kulingana na msimu. Bonde la Tana limetujalia lawama za mwaka mzima. Kiangazi ni joto na vumbi. Masika na vuli ni mto. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba, kwa hiyo hata leo ukisema kifaa kimekwama ng'ambo, wote watatikisa kichwa kwa huruma, hata kama kifaa kinatoka Mombasa, ambako ni upande wa pili kabisa.

Stima nayo ipo. Mto huu huu unazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huko juu, kisha unatufikia sisi ukiwa na matope, na taa zetu zinazimika vile vile. Kwa lawama ya stima una ushahidi kabisa: swichi ya KVM ina adapta yake ndogo, na aliyeifunga aliichomeka kwenye soketi ya ukutani badala ya UPS. Stima ikipotea, seva zinaendelea kupumua na skrini inakufa. Adapta ile iko sakafuni, nyuma ya ndoo ya deki. Iache hapo hapo.

Mkongo wa taifa, NOFBI, uutaje tu ukibanwa sana. Hauhusiani kabisa na waya wa mita mbili kati ya skrini na kisanduku, lakini uko chini ya ardhi na hakuna atakayekwenda kuchimba.

6. Ita mtaalamu, lakini mpokee wewe. Fundi wa Mombasa ni hatari. Akiachwa ashuke basi na kuja moja kwa moja ofisini, atazunguka nyuma ya kabati, atakaza skrubu mbili na kuaga. Mngoje stendi. Mpeleke kwenye wali na samaki, muulize habari za nyumbani, na wakati wa chai mkubaliane kwamba "bodi imeungua". Fundi hamvui nguo fundi mwenzake. Nukuu ya bei iwe ya swichi ya matundu 16. Kwa nini 16 kwa seva nne? Andika "upanuzi wa baadaye". Hayo maneno hayajawahi kukataliwa.

7. Usibandike lebo. Swichi mpya ikifika, itafanya kazi, hilo halizuiliki, maana utalazimika kuchomeka kebo upya na safari hii mwenye duka aliyeiuza atakuwa amezikaza skrubu mwenyewe. Jilinde. Kebo zote ziwe nyeusi, zimefungwa fundo moja, bila nambari. Kwenye menyu ya swichi seva ziite "Seva", "Seva mpya", "Seva mpya kabisa" na "Usiguse". Nywila ibaki kichwani mwako. Kisha omba likizo, na wakikupigia Jumatatu sema uko Kipini na simu inakatakata.