Kwa Heshima ya Kisingizio

Watu wa kwetu wamewapa watoto wao majina ya Shida, Tabu, Masumbuko na hata Matatizo, lakini sijapata kusikia mtoto aliyeitwa Kisingizio. Shida anasoma, anaoa, anagombea udiwani. Kisingizio hana hata kadi ya kliniki. Kaka yake, Sababu, ndiye anayekaribishwa mahakamani na kupewa kiti. Kisingizio huingilia mlango wa uani, hutumwa usiku, na kukicha kila aliyemtuma humkana. Fundi cherehani humwita mara tatu kabla ya Idi: umeme umekatika, sindano imevunjika, njoo kesho kutwa asubuhi kabisa. Mdaiwa hulala naye kitanda kimoja. Mwanafunzi mtoro amekwisha kuzika bibi wanne kwa msaada wake, na wa tano anaumwa.

Nimeamua kumsifu hadharani kwa kuwa nina deni lake. Mimi ni mtu mzima mwenye ajira na familia, na jioni hukaa barazani nikipoteza sarafu kwa makusudi. Ninazifanya zitoweke mkononi, zitokee kwenye sikio la mtu, zipite mezani kana kwamba meza ni uji. Wengine huita mazingaombwe, wengine kiini macho, na mke wangu huita danganya toto. Yote matatu ni sawa. Lakini anayefikiri kazi hiyo hufanywa na vidole hajui. Vidole ni vibarua tu. Mwenye kazi ni Kisingizio.

Nilichelewa kulijua hilo. Kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara kule Posta nilikuta nakala iliyochakaa ya Modern Coin Magic, kitabu cha J. B. Bobo, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1952. Nikaingia chuoni peke yangu. Unachukua sarafu ya mia tano, ile yenye nyati, unailaza katikati ya kitanga cha mkono, kisha nyama iliyo chini ya dole gumba inaibana kidogo dhidi ya nyama ya upande wa pili. Siku za mwanzo inaanguka. Inaanguka kwenye sufuria, inaanguka chini ya kitanda, na ndipo nilipoelewa kwamba methali ya mtaka cha mvunguni ilitungwa na mtu wa fani yetu. Baada ya majuma kadhaa inaanza kukaa. Unageuza mkono kuelekea chini, unachezesha vidole, unashika kikombe, unasalimiana na watu, nayo imetulia humo kama mpangaji aliyelipa miezi sita.

Miezi mingi baadaye nikamwita mpwa wangu wa miaka sita. Nikamwonyesha sarafu mkono wa kulia, nikajifanya kuiweka kushoto, nikafumba kushoto, nikapuliza, nikafumbua: hewa tupu. Kazi safi, ningeapa kwa lolote. Mtoto hata hakupepesa.

“Iko mkono ule mwingine, Mjomba.”

Nikarudia taratibu zaidi. Akajibu haraka zaidi. Mara ya tatu alijibu akitafuna muhogo, mgongo umenielekea.

Nilidhani kosa ni la vidole, nikavitesa mwezi mzima mbele ya kioo. Aliyenifungua macho ni konda mmoja wa daladala, naye hajui mpaka leo. Wazee wa mjini husimulia kwamba hata jina la daladala lilitokana na sarafu: shilingi tano, iliyoitwa dala, ndiyo iliyokuwa nauli. Basi makonda ni watu wa sarafu kwa asili. Huyu wangu alikuwa kijana mwembamba, noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, sarafu kiganjani akizitikisa usoni pa kila abiria, chaka-chaka, nauli, nauli. Nilimpa noti ya elfu moja. Nikamwona kabisa akichambua mia nne yangu kwa mkono wa kulia. Mara abiria wa nyuma akapiga kelele, “Shusha!” Konda akahamishia sarafu mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulitakiwa kugonga bodi. Pa, pa. Akageuka mlangoni, “Suka, kuna mtu hapo,” akamshika bibi mmoja mkono ashuke, akagonga tena, gari likaondoka.

“Chenji yangu,” nikamwambia.

“Anko, si nimeshakupa?”

Nami, wasomaji, nilitazama mkono wangu kuhakikisha.

Nilishuka nikiwa sina mia nne, lakini nina elimu yenye thamani zaidi. Yule kijana alihamisha sarafu mbele ya macho yangu na sikuona kitu cha kuona, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi. Mimi barazani nilikuwa nahamisha sarafu bila kazi. Jichunguze mwenyewe: lini umewahi kutoa sarafu mkono huu na kuitia mkono ule bure bure? Hakuna binadamu anayefanya hivyo. Ukifanya, hata mtoto mwenye muhogo mdomoni anajua kuna jambo. Mkono usio na kisingizio unapiga kelele kuliko mpiga debe wa stendi.

Kwa hiyo nikaupa mkono wangu udhuru. Sarafu inakwenda kushoto kwa kuwa wa kulia unatafuta kalamu kwenye mfuko wa shati. Kalamu inatoka, inagusa ngumi ya kushoto, ngumi inafumbuka, hamna kitu. Sarafu ilibaki kulia na imekwisha kulala mfukoni. Mtazamaji haikumbuki safari ya mfukoni, maana hakuiona kama safari. Aliona mtu anatafuta kalamu. Wakubwa wa fani wamefundisha hilo miaka mingi. Slydini, Mtaliano aliyekuwa mwalimu huko New York, alikuwa akiinama mbele kumwelekea mtazamaji, na anapoegemea nyuma kupumzika, kila mtu mezani naye anapumzika, na katika kupumzika kule kitu kimekwisha kuangukia mapajani. Kisingizio chake kilikuwa mgongo uliochoka. Robert-Houdin, fundi saa wa Ufaransa wa karne ya 19, alijizoeza akitembea mikono imo mfukoni. Kila aliyepishana naye aliona bwana anayesikia baridi.

Wenye fani ya Sababu hawana ufundi huo. Sababu inataka isikilizwe, ipigiwe muhuri, iambatanishwe na barua. Kisingizio kizuri hakisikiki hata kidogo. Yule anayesema “tazameni, sasa naiweka sarafu mkono wa kushoto” ameshaharibu. Ni sawa na mgeni anayeingia nyumbani kwako akikutangazia kwamba hajaja kuiba. Kisingizio hakisemi neno. Kinakuna pua, kinapandisha miwani, kinafukuza inzi, na inzi mwenyewe hayupo.

Wapo watakaosema namsifu mwizi. Sikatai kwamba ndugu zake wengine wana sifa mbaya, wale wa karata tatu hasa, wanaohama mnada hadi mnada wakipiga watu changa la macho na kuondoka na ada ya mtoto. Lakini Kisingizio huyu huyu aliwahi kuniokoa. Nilikuwa nanunua nyanya gengeni, nikampa mama wa genge jero, na kabla haijafika mkononi mwake nikaipoteza, nikatabasamu. Hakutabasamu. Alifungua pindo la kanga, akahesabu fedha zake mbele yangu, moja moja, midomo ikicheza. Alipomaliza akapaza sauti.

“Kaka, kama ni chuma ulete, kaifanyie kwa mama yako.”

Asiyelijua neno hilo ni mwenye bahati: ni ule uchawi unaosemekana kunyonya fedha za mfanyabiashara kupitia sarafu ya mteja. Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Hapo hakuna elimu ya Bobo. Nikaiachia sarafu ianguke juu ya nyanya, nikajifuta mkono kwenye suruali. “Samahani mama, nimetoka kula chapati, mkono una mafuta, imeniponyoka.” Yule mama akaiokota kwa ncha za vidole, akaitazama pande zote mbili, akaitia kwenye kopo peke yake, mbali na nyingine. Nyanya nilipewa. Mbili zilikuwa zimepasuka na sikudai.

Mwenzetu wa kale angenielewa. Mwaka 1584, Uingereza, wakati watu wakinyongwa kwa tuhuma za uchawi, Reginald Scot wa Kent alichapisha The Discoverie of Witchcraft, na ndani yake akaeleza namna fedha inavyofichwa kiganjani na kuonekana imehama, ili watu wajue kuwa kuna mambo wanayoyaita uchawi ambayo ni vidole tu. Kitabu cha kutetea watu kikawa pia miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiingereza kufundisha kazi yetu. Ningetamani ningekuwa na nakala siku ile gengeni, ingawa sidhani yule mama angenipa nafasi ya kufungua ukurasa.

Sasa swali ambalo wataalamu hulikwepa. Mkono umepata udhuru wa kuhamisha sarafu. Je, mwenye mkono ana udhuru gani wa kupoteza jioni zake hivyo? T. Nelson Downs, aliyejiita Mfalme wa Sarafu, alikuwa mpiga telegrafu wa reli huko Iowa. Mwaka 1899 alisimama jukwaani Palace Theatre, London, akichuma sarafu hewani moja baada ya nyingine na kuzidondosha ndani ya kofia. Mchezo huo huitwa Ndoto ya Bahili, na jina lenyewe ni kisingizio cha daraja la juu, kwa kuwa ndotoni hakuna anayeuliza maswali. Barazani kwangu nilijaribu kuuonyesha, nikitumia kopo la maziwa ya unga badala ya kofia. Nilikuwa nimechuma sarafu tano hewani, zinalia ndani ya kopo, watoto wameduwaa, mzee mmoja jirani akaniuliza kwa upole kabisa: “Kama unaweza hivyo, mbona umevaa viatu hivyo?” Downs hakupata jirani kama huyo, ndiyo maana alifika London.

Nimewahi kutoa majibu mengi kwa wanaouliza. Nanyoosha vidole nisipate baridi yabisi. Nafurahisha watoto. Napumzisha akili. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo mimi nautia kitu kisha nautoa. Yote ni visingizio, na vyema kabisa. Cha kweli ni cha zamani kidogo.

Nilipokuwa mtoto, sikio lilikuwa mali ya wakubwa, nao walilitumia kwa jambo moja. Baba alilivuta kwa sababu ya hesabu, mwalimu alilivuta kwa sababu ya kuchelewa, bibi alilivuta kwa kuwa lilikuwa karibu. Mtu mzima akipeleka mkono upande wa kichwa changu, mabega yalipanda yenyewe. Baba hakuwa mkali kupita wenzake. Alikuwa tu mtu ambaye mikono yake ilijua jembe, msahafu na masikio yetu. Siku moja baba mdogo akaja kututembelea. Akaniita, akapeleka mkono sikioni, mabega yakapanda, nikafumba macho. Kikanigusa kitu cha baridi nyuma ya sikio. Nilipofumbua, kilikuwa shilingi moja, ile ya zamani yenye mkono ulioshika mwenge. “Kumbe humu ndimo unamofichia fedha,” akasema. Na wakati akisema, vidole vyake vilikuwa bado vimelishika sikio, kwa wepesi, kama mtu anavyoshika jani.

Baba alikuwa ameketi pale pale. Alicheka. Kisha naye akaninyooshea mkono, akalipapasa sikio langu la pili, taratibu, mbele na nyuma, akasema anahakikisha kama hakuna nyingine.

Hakuwa na sarafu. Hakujua mchezo wowote. Alikuwa amepewa kisingizio tu, na alikitumia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo nikimwona mtoto wa mtu anayeinua mabega, natafuta jero mfukoni. Mpwa wangu amekwisha kuivuka hatua hiyo kabla ya wakati. Ametaka kufundishwa, nami nimemfundisha, kalamu na kila kitu, nikamkazia kwamba mkono usihame bila udhuru. Jumamosi iliyopita nilimtuma chumvi dukani. Alirudi na chumvi, nikamwuliza chenji. Akanionyesha mia mbili ya simba katika mkono wa kulia, safi, imesimama katikati ya vidole viwili. Akaihamishia kushoto, akafumba ngumi, macho ameyakaza kwenye ngumi ile ile, hata mimi nikaikazia macho. Mkono wa kulia ukashuka polepole, ukaenda kufunga kamba ya kiatu.

Alikuwa amevaa ndala.