Wasomaji wa Wamitila na Mikasa Yao Jijini Eldoret

Miongoni mwa raha ambazo wasomaji wa riwaya za Kiswahili jijini Eldoret hugawana bila kuombwa, ile ya kumsoma Kyallo Wadi Wamitila ina upekee wake, kwa kuwa huandamana na hasara ndogondogo ambazo wahakiki, kwa staha au kwa kusahau, hawaziandiki. Riwaya zinazohusika ni Bina-Adamu! ya mwaka 2002 na Musaleo! iliyofuata mwaka 2004, na zote mbili ni za kifantasia, yaani za aina ya ubunifu ambamo kanuni za kawaida za mahali, wakati na mauti huwekwa kando ili mwandishi ayaseme mambo ambayo uhalisia ungemkwaza kuyasema. Kabla yake Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alikuwa ameshatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Katama Mkangi akatoa Walenisi (1995), ambamo mtu aliyehukumiwa hujikuta katika sayari nyingine. Basi msomaji wa Wamitila hawezi kudai kwamba hakuonywa.

Ingetarajiwa kwamba wakazi wa Uasin Gishu, kaunti inayosifika kwa wanariadha na kwa mahindi, mambo mawili yasiyohitaji mazingaombwe ila mapafu na mbolea, wangezikwepa kazi za namna hii. Hata hivyo, historia ya mji wao imewaandaa vyema. Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, ilianza kwa kuitwa 64, nambari ya shamba la enzi za walowezi, kwa hiyo mhusika anayetambulishwa kwa herufi mbili tu, kama yule anayetafutwa katika Bina-Adamu!, hawezi kumshangaza mtu ambaye mji wake ulianza maisha kama nambari. Isitoshe, masimulizi ya mji hudai kwamba benki yake ya mwanzo, mnamo 1912, ilijengwa kulizunguka kasha la chuma la kuhifadhia fedha lililoanguka kutoka garini na kuwashinda waliotaka kulinyanyua. Wataalamu huuita uhalisiajabu ule mtindo wa kusimulia yasiyosadikika kwa uso mkavu, na pale ambapo benki hulifuata kasha badala ya kasha kuifuata benki, mtindo huo hauhitaji kufundishwa.

Mkasa ulio wa kawaida zaidi hutokea ndani ya matatu. Msimulizi wa Bina-Adamu! hana jina, na safari yake ya kumtafuta kiumbe aitwaye P.P., herufi ambazo wahakiki huzihusisha na Peter Pan, yule mtoto wa J. M. Barrie aliyekataa kukua, humvusha mabara na nyakati pasipo makanga kumdai nauli. Msomaji wake hana bahati hiyo. Aliyetoka mjini akikusudia kushuka Cheptiret, abadilishe gari aelekee Kesses kilipo Chuo Kikuu cha Moi, huinua macho kutoka kitabuni na kujikuta Burnt Forest, ambako baridi humthibitishia upesi kwamba hili si tukio la kubuni, na makanga, ambaye hajali fantasia wala utandawazi unaokejeliwa humo, humuuliza kwa nini hakusema, kisha humtoza nauli ya ziada.

Mikasa ya mazungumzo haipungui hiyo. Wasomaji wanapokutana hotelini, chai ya maziwa ikiwa mbele yao, wakabishana kwa sauti juu ya mahali alipojificha P.P. na madhara aliyoyaleta, mteja wa meza ya jirani huinamisha kichwa kusikiliza vizuri, na si ajabu mhudumu akauliza kwa huruma kama huyo P.P. anadaiwa pesa nyingi. Kumweleza kwamba ni mhusika tu hakusaidii, kwani swali linalofuata ni kwamba, kama hayupo, anatafutwa kwa nini, na hilo ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa kwenye mitihani.

Anayetaka msaada wa kitaaluma hukabiliwa na jambo la kuchekesha zaidi. Akikwama kwenye dhana kama mwingilianomatini, yaani hali ya matini moja kubeba mwangwi wa matini nyingine, hukimbilia Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya mwaka 2003, na kwenye jalada hukuta jina la Wamitila yuleyule, kwa maana kwamba aliyempoteza msituni ndiye pia anayeuza ramani.

Lakini mkasa ulio juu ya mikasa yote ni wa nakala za kuazimwa. Nakala iliyopita mikono mingi hufika kwa msomaji wa mwisho gundi ikiwa imeachia, na kurasa zikiwa zimerudishwa ndani kwa mpangilio wa yule aliyeziokota sakafuni. Ingekuwa riwaya ya upelelezi, kosa lingegunduliwa kabla ya chai kupoa, maana muuaji angekamatwa kabla ya kuua. Kwa Musaleo!, ambayo kwa kweli ni ngumu kuliko ndugu yake, mwenye nakala hiyo huweza kuitetea jioni nzima, akieleza kwamba mruko wa ghafla kutoka tukio moja hadi jingine ni urejeshi, yaani mbinu ya kuyarudia matukio yaliyopita, na kwamba sentensi iliyokatika katikati ni ishara ya ulimwengu uliovunjika, huku wenzake wakitikisa vichwa kwa heshima na mmoja wao akinakili hoja hiyo daftarini. Nambari za kurasa zikija kutazamwa, hakuna anayeifuta hoja. Wala hawana sababu ya kuifuta, kwa kuwa aliyesoma kwa mpangilio na aliyesoma bila mpangilio hufurahia kurasa zilezile, hucheka mahali palepale, na hakuna kati yao awezaye kumharibia mwenziwe mwisho wa hadithi, kasoro ambayo riwaya nyingi za kawaida hazijaponyoka.

Kwa sababu hiyo, yeyote jijini au viungani mwake ambaye bado ana nakala ya mwenzake ya Bina-Adamu! au Musaleo! anaombwa airudishe ikiwa na kurasa zote, na mpangilio wowote utapokelewa.