Nimetakata, Lakini Sinukii

Busan, Januari

Kwa Shangazi, Mama Mdogo, wifi zangu na wote mtakaokuwa barazani barua hii ikisomwa,

Huku hatujambo, ila baridi. Kabla ya yote, wewe unayesoma kwa sauti, tazama kwanza kama kuna mwanamume hapo. Kama Mjomba yupo na kahawa yake, mwambie asubiri, yake yapo mbele. Haya ya mwanzo yamefanyika upande wa wanawake, na yamefanyika bila nguo.

Ndiyo, bila nguo. Hakuna upande wa kanga, hakuna chochote. Viatu unaviacha mlangoni, unalipa, unapewa ufunguo wa kuvaa mkononi, unavua kila kitu mbele ya kabati lako, kisha unatembea hivyo hivyo mpaka kwenye maji. Taulo wanalokupa ni la kufutia uso tu. Ukisitiri mbele, nyuma kunabaki na Mungu wake.

Aliyenipeleka ni mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima aliyepita miaka sabini. Alinisikia nikikohoa usiku, akaamua kwamba baridi imeniingia mifupani na dawa yake si kidonge, ni jjimjilbang. Ndivyo wanavyoyaita majumba haya ya kuoga na kujichoma joto. Mtu wa umri ule akiamua jambo, huku Korea kama huko kwetu, mdogo hana hoja. Nilibeba sabuni yangu nikamfuata.

Nilijua nitatazamwa, na kweli nilitazamwa. Lakini macho yao hayakukaa pale nilipoogopa yangekaa. Walinitazama usoni, wakauliza umri wangu, wakauliza nimeolewa au bado, wakauliza mama yangu yuko na nani. Ni maswali ya barazani kwenu hayo hayo, ila wanaouliza wamo ndani ya maji mpaka shingoni. Umri lazima waujue, maana Kikorea hakisemeki vizuri kabla hujajua nani mkubwa nani mdogo. Na watu wakishavua nguo, hakuna cha kukuonyesha huyu ni meneja wa benki na yule ni mpishi. Unabaki umri peke yake, na wenye umri ndio wanaotawala birika la moto.

Mabirika yapo kadhaa, kila moja na namba yake ukutani: 38, 40, 43, na la baridi ambalo sikulisogelea. Lile la 43 vibibi wameketi humo wamefumba macho wanastarehe. Mimi niliingiza kidole, nikakitoa, nikakitazama. Mama mwenye nyumba akanivuta kwa mkono.

Mkumbuke sisi haya mambo si mageni kwetu. Sultan Barghash alitujengea hamamu pale Mji Mkongwe, Unguja, na mtaa mzima ukapata jina la Hamamni. Watu waliogea pale mpaka 1920. Leo birika ni kavu, na mtalii analipa kiingilio alitazame lilivyo kavu. Huku birika lina maji, na bibi wa miaka themanini yumo, anasuguliwa mgongo na mjukuu wake.

Sasa nifike kwenye kusuguliwa, maana ndiko kulikonikalisha niandike.

Pembeni pana vitanda vilivyofunikwa plastiki, na wanawake watu wazima waliovaa nguo za ndani nyeusi, basi. Hao ndio wasuguaji. Unamwita imo, yaani mama mdogo, na heshima inabaki palepale ingawa wewe uko uchi na yeye ana sidiria. Unalowa kwanza kwenye maji ya moto kama nusu saa ili ngozi ilainike, kisha unaitwa kwa namba ya ufunguo wako.

Mkononi imo huvaa kiganja cha kitambaa cha kijani, chembamba na kikali. Wenyewe wanakiita taulo la Italia, wala hakitoki Italia. Kilibuniwa hapa hapa Busan miaka ya 1960, kwa kitambaa cha viskosi kilichokuwa kikiagizwa kutoka Italia, na jina likaganda. Kidogo kile, ukikiona dukani hukihofii. Kiliponigusa paja nilijihisi nazi iliyokutana na mbuzi.

Hakuna kona inayosahauliwa. Anasugua nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kwapani, na pengine ambapo sitapaandika hata Mjomba akiwa Makka. Akitaka ugeuke hasemi, anakupiga kofi. Kofi la kiuno, unalala ubavu. Kofi jingine, kifudifudi. Wala hakuna hasira ndani yake, ni mtu ana kazi na foleni inamsubiri.

Na nongo zikatoka. Shangazi, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kuoga asubuhi na jioni, na dodoki ninalo, ulinifungia mwenyewe kwenye begi. Zikatoka nyuzi nyuzi za kijivu, zikajaa kitandani, na yule imo akanishika mkono akanigusisha niione thamani ya pesa yangu. Kisha akasema neno, na mama mwenye nyumba akacheka kule birikani mpaka akapaliwa. Neno hilo mpaka leo amekataa kunieleza.

Likaja beseni la maji, pwaa! Yakaja matango yaliyosagwa, akanipaka usoni. Yakaja maziwa, Mama Mdogo, maziwa haya haya ya kutia kwenye chai, yakamwagwa mgongoni. Nikajisemea, ahaa, sasa tumefika. Wamekwisha kutoa, sasa wanatia. Yatafuata mawaridi, italetwa liwa, kutakuwa na langilangi na asumini, halafu mtu atawasha chetezo. Nikafumba macho nikangoja. Nikamwagiwa maji baridi, nikapigwa kofi la mwisho ambalo maana yake ni ondoka, na imo akaita namba nyingine.

Nimesimama pale, ngozi nyororo kuliko siku yoyote tangu nizaliwe, na sinukii kitu. Hata sabuni sinukii!

Kwetu bibi harusi anasuguliwa singo ya manukato siku kadhaa, na somo anayemfunda hana haja ya nongo tu. Anasugua kitu kiingie, ili siku ya siku bibi harusi afike kabla hajafika. Hawa wenzetu nusu ya kwanza ya kazi wameifikisha mahali ambapo sijaona wala kusikia mwingine akipafikia. Nusu ya pili hawakuianza.

Nililalamika chuoni, ambako nasoma mambo ya uvuvi, ingawa maabara ina watu wa kila elimu. Mwenzangu mmoja akanipa jibu la kitaalamu. Wakorea karibu wote, akasema, wamezaliwa na aina fulani ya jeni iitwayo ABCC11, inayofanya kwapa lisitoe harufu kali. Jeni hiyo hiyo ndiyo inayofanya nta ya masikio yao iwe kavu. Asiyenuka, ajifukize udi afiche nini? Jibu lake zuri, ila ni la mtu asiyewahi kukaa Unguja. Udi hatufukizi tufiche kitu. Tunafukiza mtu aliye chumba cha pili ajue nani amepita.

Mjomba aitwe sasa, tumevaa.

Ukimaliza kuoga unapewa fulana na kaptura, sare ya watu wote, na hapo wanawake na wanaume, wazee na watoto, wanakutana ukumbi mmoja. Sakafu ina moto. Zamani moshi wa jikoni ulipitishwa chini ya mawe ya sakafu kabla haujatoka nje, na siku hizi kuna mabomba ya maji moto. Watu wamejilaza chini familia kwa familia, wengine wanakoroma. Vichwani wamevaa taulo lililokunjwa pembe mbili za kondoo, mtindo uliovuma tangu tamthilia moja ya mwaka 2005. Wifi zangu mnaokesha na tamthilia za Kikorea mlishayaona haya kabla yangu. Majumba mengi hayafungwi usiku, na aliyeachwa na treni ya mwisho hulala humo kwa bei isiyokaribia ya hoteli. Aliyefukuzwa na mkewe pia. Ila watoto na vijana wadogo wasio na mkubwa hutolewa saa nne usiku, kwa sheria.

Kuna chumba cha chumvi, cha mkaa, cha udongo, hata cha barafu. Lakini mfalme wa vyote ni tanuri, kuba la mawe na udongo linalochomwa kwa kuni za msonobari. Unaingia umejifunika gunia, gunia la kweli, lisikuunguze. Matanuri haya ni ya zamani. Katika karne ya 15, enzi ya Sejong, mfalme aliyewapa Wakorea herufi zao, watawa wa Kibudha waliyatumia kutibu wagonjwa, na mwaka 1422 mfalme akaagiza yachunguzwe, maana wagonjwa wengine walikuwa wakiingia kutafuta afya wakatolewa maiti. Niliyasikia hayo nikiwa ndani tayari, na gunia.

Nyinyi mnaolilalamikia joto la Kaskazi mnalalamikia mali. Huku mtu analipa, anapanga foleni, anavaa gunia, ili apate robo saa ya soko la Darajani saa saba mchana.

Ukitoka unakula. Kuna mayai yaliyookwa kwa joto mpaka ute wake umekuwa wa kahawia, na sikhye, maji matamu ya mchele yenye barafu. Na kuna supu ya mwani. Si mwani wetu, huu wa kwao ni wa maji baridi, lakini waambieni wakulima wa mwani wa Jambiani wasikie. Mwanamke akijifungua hupewa supu hiyo, na kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa. Sisi mzazi tunampa uji wa pilipili manga, na mwani tunauanika, tunaupakia melini, unakwenda viwandani kwa watu. Nilikunywa mabakuli mawili kwa niaba ya Jambiani yote.

Kikohozi kimepona, nisiwe mchoyo wa kusema.

Kuna kijana anarudi Unguja, nimempa viganja vya kijani, kila mtu kimoja. Mama Mdogo, si cha kusugulia masufuria, nakujua. Kimoja kizuri ni cha somo wetu, avione vifaa vya wenzake. Na kijana huyo akirudi huku mumpe singo kavu, kopo zima, na udi kidogo. Nataka kuvipeleka kwa imo. Mama mwenye nyumba amekwisha kumweleza habari zetu, na imo ameuliza mambo mawili: singo inanukia nini, na je, haitaziba mtaro? La kwanza nimemjibu. La pili mniulizie kwa somo.