Kole Haijui Pole

Chanzo ni madirisha ya shemeji. Fremu sita nilizochonga kwa mashine ya ruta, nikiishika mkononi, zilitoka na mifereji iliyopinda kama njia ya mlevi. Shemeji akaniuliza kama huo ndio mtindo mpya. Basi nikaamua kutengeneza meza ya ruta: mashine inafungwa chini ya meza, kichwa chini miguu juu, meno yanachungulia tunduni, nawe unasukuma ubao badala ya kusukuma mashine. Nilipomweleza mzee mmoja, fundi jirani yetu hapa Bunia, akanikatiza: "Mwanangu, hiyo ni tupi tu. Tunaijua tangu zamani."

Sikumsikia.

Hapa kwetu mbao si shida. Malori yanapita na mbao za libuyu kutoka upande wa Komanda, yanakwenda zao Uganda. Mimi, mtoto wa nchi ya msitu, nikaenda sokoni kununua triplex iliyotoka ng'ambo, vipande viwili vya milimita 18, nikavibandika pamoja. Mbao mbichi inacheza, na meza hii inataka uso ulionyooka kama maji ya bakuli. Juu nilitaka formaika, ili kazi iteleze. (Ilibuniwa Marekani mwaka 1912 kushika nafasi ya maika kwenye vifaa vya umeme, na jina lake maana yake ni hiyo hiyo: badala ya maika.)

Formaika hubandikwa kwa kole ile ile ya washona viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja kama dakika 15 mpaka kidole hakinati, ndipo unazikutanisha. Zikigusana tu, zimefunga ndoa ya kanisani, talaka hakuna. Kwa hiyo mafundi hutandika fito katikati, wakalenga vizuri, kisha wakachomoa moja moja. Nilitandika fito saba, nikalenga, nikageuka kutafuta kitambaa cha kukandamizia. Mtoto wangu wa miaka sita, anayependa sana kusaidia, akazichomoa zote akaniletea kwa mikono miwili: "Papa, vijiti vyako hivi."

Formaika ilikuwa imelala kombo. Upande mmoja imezidi vidole viwili, upande wa pili triplex iko uchi. Nikavuta, nikachokoa kwa kisu, nikabembeleza. Kole ikamwagikia kitenge cha mama watoto nilichokuwa nimetandika chini bila ruhusa, na hapo ndipo iliposhika kuliko mahali pengine popote.

Upande wa chini sikuubandika kitu. Nani atauona? Mvua ikanyesha wiki nzima, triplex ikanywa unyevu kwa chini huku juu imezibwa, na meza ikainua kingo kama sinia.

Likabaki tundu. Linatakiwa litoshe meno tu, mashine yenyewe ishikwe na skurubu. Mimi nikapima kitako cha ruta, nikakata duara safi kabisa, kazi safi pekee katika habari hii yote. Nikaipandisha ruta kutoka chini. Ikapita nzima nzima, ikatokea juu, tukatazamana.

Mzee alikuja kuona, mikono nyuma, akazunguka mara mbili. "Na tupi iko wapi?"

Mama watoto hakuuliza. Aliweka sufuria ya sombe tunduni, ukingo wake ukakaa sawasawa juu ya formaika. Haitikisiki hata watoto wakichota kwa vita, na mchuzi ukimwagika unakomea kwenye zile kingo. Jumapili shemeji akaja, akala, akaipapasa meza, akauliza ya namna hiyo nitamtengenezea kwa bei gani.

Madirisha hakuyataja.